Kutembelea Kumbukumbu za Vita na Minara ya Kihistoria London: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

London imejaa kumbukumbu za vita kiasi kwamba mgeni anaweza kupita ishirini kwa siku moja na jioni asikumbuke hata moja. Majibu haya ni kwa anayetaka kuona chache na kuzisoma sawasawa: nani ameandikwa pale, nani hakuandikwa, na kwa nini. Saa zote zimetajwa kwa Kiswahili. Tiketi za Uingereza huandika 11:00 pale sisi tunaposema saa 5 asubuhi, na wapo waliochelewa kwa sababu hiyo tu.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Anzia Hyde Park Corner, kabla ya saa 3 asubuhi. Hapo ndipo kumbukumbu kubwa zimebanana kuliko mahali pengine popote mjini: kisiwa cha majani katikati ya mzunguko wa magari, na juu yake kuna Tao la Wellington, kumbukumbu ya Jeshi la Mizinga, ya Kikosi cha Bunduki za Rashasha, ya Australia na ya New Zealand. Jipe saa moja na nusu hapo hapo.

Ukimaliza, vuka kwenda barabara ya Constitution Hill upite kwenye Memorial Gates, teremka hadi Kasri la Buckingham, fuata The Mall hadi Trafalgar Square, kisha kata kulia uingie Whitehall. Mbele yako utakuta Cenotaph, kumbukumbu kuu ya taifa ya waliokufa vitani, na mwisho wa barabara ni Westminster Abbey, kanisa maarufu la kale. Ni mwendo wa kilomita tatu na nusu hivi, barabara karibu yote tambarare. Pamoja na kusimama na kusoma, hesabu saa nne hadi tano.

Wengi hukosea kwa kuanzia Westminster saa 4 au 5 asubuhi, wakati umati umeshajaa darajani na mbele ya Bunge. Hupoteza saa nzima kwenye foleni, wakafika Hyde Park Corner jioni miguu inawauma, na kule ndiko kulikohitaji utulivu.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Tower Hill, penye kumbukumbu ya mabaharia, na The Monument, ambazo zinatembeleka kwa miguu kwa dakika kumi hivi kutoka moja hadi nyingine. Siku ya tatu iwe ya Imperial War Museum na Brixton.

Kuna kiingilio?

Kumbukumbu za nje zote ni bure na hazina mlinzi wa tiketi. Vilevile Imperial War Museum ya Lambeth, National Army Museum ya Chelsea na National Gallery pale Trafalgar Square ni bure, isipokuwa maonyesho maalumu. Utalipa ukitaka kuzuru Westminster Abbey, kupanda The Monument au kuingia ndani ya Tao la Wellington. Bei hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo soma tovuti ya mahali husika wiki unayokwenda. Kununua mapema mtandaoni hukuondolea foleni ya Abbey.

Hyde Park Corner nitazame nini hasa?

Kumbukumbu ya Jeshi la Mizinga, ya mwaka 1925, ni kazi ya mchongaji Charles Sargeant Jagger, ambaye mwenyewe alipigana na kujeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Juu kuna mzinga mkubwa wa jiwe. Chini, pande nne, kuna wanaume wanne wa shaba nyeusi. Wageni wengi hupiga picha ya mzinga wakaondoka. Zunguka mpaka umkute wa nne: amelala chali, koti zito limemfunika mwili na uso, kofia ya chuma imewekwa juu yake. Mwaka ule wapo walioona haifai kumwonyesha maiti katikati ya jiji. Jagger hakukubali kumwondoa. Maandishi yanataja idadi kamili ya wapiganaji wa mizinga waliokufa, 49,076, na hakuna jina hata moja.

Hatua chache kutoka hapo kuna kijana uchi aliyeshika upanga. Huyo ni Daudi wa kwenye Biblia, naye anawakilisha Kikosi cha Bunduki za Rashasha. Ubavuni mwake kuna bunduki mbili za Vickers zilizovishwa mashada. Soma mstari uliochongwa chini yake, ule unaosema Sauli aliua maelfu yake na Daudi makumi elfu yake. Ni jambo nadra kwa kumbukumbu ya vita kusema waziwazi kwamba kazi ya silaha ni kuua.

Ukuta wa Australia, wa mwaka 2003, unahitaji macho ya mbali na ya karibu. Simama mita kumi nyuma utasoma majina makubwa ya mapigano, Gallipoli miongoni mwake. Sogea mpaka uweze kugusa jiwe, na majina yale makubwa yanapotea. Yanageuka kuwa maelfu ya majina madogo ya miji na vijiji walikotoka askari, baadhi ya herufi zikiwa zimekolezwa ili ukiwa mbali zijiunge kuwa jina la pigano. Miji ni 23,844, mapigano 47. Asiyesogea hupata nusu tu ya kumbukumbu hii.

Ile ya New Zealand, ya 2006, ni nguzo 16 za shaba nyeusi zilizoinamia upande mmoja. Sita kati yake zimepangwa kama nyota za Msalaba wa Kusini na vichwa vyake huwaka usiku. Ni mahali pekee hapo ambapo giza linasaidia.

Kwa nini Cenotaph ni jiwe tupu?

Jina lake ni la Kigiriki na maana yake ni kaburi lisilo na mtu. Ya kwanza ilitengenezwa kwa mbao na plasta kwa ajili ya gwaride la amani la tarehe 19 Julai 1919, ibomolewe baadaye. Watu waliofiwa, ambao wapendwa wao walizikwa ng'ambo au hawakuonekana kabisa, wakaanza kuweka maua pale mpaka serikali ikaamua kujenga ya kudumu. Msanifu majengo Edwin Lutyens aliijenga upya kwa mawe ya Portland, na Mfalme George V akaizindua tarehe 11 Novemba 1920. Haina msalaba wala alama ya dini yoyote, na hilo lilikusudiwa, kwa kuwa waliokufa walikuwa wa dini nyingi. Ina maneno matatu tu, The Glorious Dead, yaani wafu watukufu, pamoja na miaka kwa tarakimu za Kirumi. Usishangae Vita Kuu ya Kwanza kuishia 1919 hapo: mkataba wa amani ulitiwa saini mwaka huo.

Ukitaka kuielewa kazi ya Lutyens, simama kwenye kona ya njia ya watembea kwa miguu, nyoosha ukingo wa simu yako mbele ya jicho na uulinganishe na mistari ya jiwe. Hakuna mstari ulionyooka kabisa. Ile ya wima imeegemea ndani kidogo sana, hivi kwamba ingeendelea ingekutana kama mita 300 angani. Ile ya mlalo ni sehemu ya duara ambalo kitovu chake kingekuwa mita 270 hivi chini ya ardhi. Ndiyo maana jiwe lile zito linaonekana kama linapumua.

Cenotaph iko katikati ya barabara inayopita mabasi. Itazame kutoka kando, na usishuke barabarani kutafuta picha.

Ukiwa Whitehall hapo hapo, tazama pia kumbukumbu ya wanawake wa Vita Kuu ya Pili, ya mwaka 2005. Ni mnara mweusi wenye mavazi 17 ya kazi yaliyotundikwa kuuzunguka, kana kwamba wenyewe wamemaliza zamu, wakavua na kurudi nyumbani. Mwandiko wake umeigwa kutoka vitabu vya mgao wa chakula vya wakati wa vita.

Naweza kuliona kaburi la Askari Asiyejulikana bila kulipa?

Kaburi liko ndani ya Westminster Abbey, karibu na mlango mkuu wa magharibi. Alizikwa tarehe 11 Novemba 1920, mwili mmoja usiojulikana ulioletwa kutoka Ufaransa, akafukiwa kwa udongo wa viwanja vya vita vya huko na kufunikwa kwa marumaru nyeusi ya Ubelgiji. Sakafu ya Abbey imejaa makaburi ya wafalme, mawaziri na washairi ambayo watu huyakanyaga siku nzima. Hili peke yake halikanyagwi na yeyote, na limezungushiwa mipopi myekundu, maua ya kuwakumbuka waliokufa vitani.

Ibada ni bure kwa kila mtu, lakini anayeingia kwa ibada anakwenda kusali, si kuzunguka na kupiga picha. Wahudumu huwarudisha kwa upole wanaochanganya mambo hayo mawili. Jumapili Abbey ni ya ibada tu. Wanaume huvua kofia ndani.

Waafrika wametajwa wapi?

Hili ndilo swali ambalo waelekezi wengi hulipita haraka, na jibu lake linahitaji kutembea.

Memorial Gates, pale mwanzo wa Constitution Hill, zilizinduliwa mwaka 2002. Ni nguzo nne za mawe ya Portland zenye vyungu vya shaba nyeusi juu, ambavyo huwashwa moto siku maalumu kama Siku ya Kumbukumbu ya Novemba. Zinawakumbuka watu milioni tano wa Bara Hindi, Afrika na Karibiani waliopigana upande wa Uingereza katika vita vikuu viwili. Pembeni kuna kibanda chenye kuba. Ingia, inua kichwa, na utaona majina ya waliopata nishani za ushujaa za Victoria Cross na George Cross yameandikwa ndani ya kuba. Watu wengi hupita bila kujua kuna kitu juu. Afrika imetajwa kwa neno moja, bara zima.

Brixton, kwenye uwanja wa Windrush Square, kuna kumbukumbu ya wanajeshi wa Afrika na Karibiani iliyozinduliwa tarehe 22 Juni 2017: nguzo mbili za jiwe jeusi la Scotland. Kutoka kituo cha Brixton, mwisho wa laini ya Victoria ya treni za chini ya ardhi, ni dakika tano kwa miguu. Jirani yake ni Black Cultural Archives, ambako historia ya watu weusi Uingereza imehifadhiwa.

Trafalgar Square, chini ya nguzo ya Nelson, amiri wa meli za kivita za Uingereza, tazama mchoro wa shaba wa upande wa kusini, unaoelekea Whitehall. Ni kifo cha Nelson mwaka 1805. Kushoto kabisa amesimama baharia mweusi mwenye bunduki. Mabaharia weusi walikuwepo kweli kwenye meli zile, na mchongaji hakuwasahau. Wapiga picha hukimbilia simba, kwa hiyo upande huo huwa na nafasi.

Sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, ya mwaka 1927, nayo ina asili London. Mchongaji wake ni James Alexander Stevenson, ilimiminwa kwa shaba Westminster na ikaonyeshwa Royal Academy kabla ya kupakiwa melini. Maandishi yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na cha herufi za Kiarabu, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayakuchongwa, kule wala London.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, ilitoa ripoti mwezi Aprili 2021 ikakiri kwamba msingi huo haukufuatwa kwa wote. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wa Carrier Corps, wale waliolipatia soko la Kariakoo jina lake, ndio kundi kubwa. Ukiujua ukweli huu kabla ya safari, utazisoma kuta za majina za London kwa jicho lingine.

Natafuta jina la babu au babu mzaa babu. Nifanyeje?

Kwanza jiulize: alifia vitani, au alirudi? Tume ya Makaburi huorodhesha waliofariki katika utumishi kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyerudi nyumbani akafa uzeeni hayumo, hata kama alipigana miaka sita. Familia nyingi hutafuta miezi kadhaa kwa kutolijua hili.

Kama alifia vitani, tovuti ya Tume ni bure na haihitaji kujisajili ili kutafuta. Kabla ya kuifungua, andika kwenye karatasi ulichonacho: jina, jina la baba, kikosi, namba ya jeshi, mwaka na nchi aliyofia. Halafu ingiza kitu kimoja tu kwanza. Anayejaza kila kisanduku kwa mkupuo hupata matokeo sifuri, kwa kuwa kosa la herufi moja linatosha kumficha mtu.

Majina ndiyo mtihani. Karani aliandika alichosikia. Jaribu l na r kwa kubadilishana, j na ch, k na g, na jina likiwa na irabu ya mwisho au bila. Jina la ukoo katika orodha huenda likawa jina la baba, au jina lake yeye mwenyewe limekaa peke yake. Juma mwana wa Hamisi anaweza kukaa chini ya Juma, Hamisi, au yote mawili. Ukikwama, acha jina kabisa utafute kwa kikosi na tarehe. Vikosi vya kuandika ni kama King's African Rifles, East African Artillery na East African Army Service Corps. Mfano mzuri wa kutafuta kwa tarehe ni meli Khedive Ismail, iliyozamishwa katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na askari wa East African Artillery. Tarehe hiyo pamoja na kikosi hicho hufungua orodha ndefu.

Ukimpata, nakili jina la kumbukumbu na namba ya bamba au safu yake. Na uwe tayari: huenda asiwe London hata kidogo. Askari wengi wa Afrika Mashariki wa Vita Kuu ya Pili wako kwenye East Africa Memorial, Nairobi. Waliofia Burma wako kwenye makaburi ya huko, Taukkyan yakiwemo.

Kama alirudi hai, pa kwenda ni National Archives, Kew, kwa laini ya District. Kadi ya msomaji ni bure, lakini unahitaji kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na ni vizuri kuagiza majalada kabla hujafika. Shajara za vikosi za Vita Kuu ya Kwanza ziko mfululizo wa WO 95. Za Burma ziko WO 172. Chumba cha kusomea ni penseli tu, kalamu za wino hubaki kwenye kabati. Usitegemee faili la mtu binafsi. Utakachokuta ni shajara ya kikosi siku kwa siku: walilala wapi, mvua ilinyesha, wangapi waliugua. Kwa familia nyingi hiyo ni zawadi kubwa kuliko walivyotarajia.

Majina ya Tower Hill yamepangwaje?

Kwa meli, wala si kwa herufi za majina ya watu. Watu huzunguka ukuta mzima bila kupata kitu kwa sababu hiyo. Tafuta jina la meli kwanza, ambazo zimefuata alfabeti, na chini yake utakuta majina ya waliozama nayo.

Hapa wanakumbukwa mabaharia wa meli za biashara ambao kaburi lao ni bahari. Jengo lenye nguzo, la Lutyens, ni la 1928 na lina karibu majina 12,000 ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyuma yake kuna bustani iliyo chini ya usawa wa ardhi, ya 1955, yenye karibu majina 24,000 ya Vita Kuu ya Pili. Shuka ngazi uingie bustanini: kelele za magari hupungua ghafla, na mabamba ya shaba nyeusi yamezunguka kuta zote kimo cha mtu.

Nimepiga picha ya maandishi lakini hayasomeki. Nimekosea wapi?

Mara nyingi ni mwanga. Jua likipiga jiwe usoni, herufi zilizochongwa hazina kivuli, kwa hiyo zinapotea. Rudi saa ambayo jua linakuja kwa ubavu. Usiporudi, mwambie mwenzako ashike tochi ya simu pembeni kabisa mwa maandishi, karibu igusane na ukuta, ili mwanga ukwaruze uso wa jiwe. Herufi zitainuka papo hapo. Graniti iliyong'arishwa ina tatizo lingine: itakupiga picha wewe na anga. Simama upande, si mbele, na uvae nguo nyeusi.

Usipake chaki, unga wala povu la kunyolea ili kuzikoleza herufi, na usisugue kwa brashi. Jiwe la Portland ni chokaa. Chaki hulikwaruza, na vitu vyenye asidi huliyeyusha kidogo kidogo mpaka ncha za herufi zinakuwa butu. Ukishafanya hivyo, hakuna wa kulirudisha.

Droni haziruhusiwi kwenye bustani za kifalme. Picha za biashara zinahitaji kibali huko na Trafalgar Square pia.

Naruhusiwa kugusa, kukaa, kupanda, kuacha maua?

Kugusa jina kwa kidole hakumkwazi mtu, na wafiwa hufanya hivyo. Shaba nyeusi iguse kwa nadra, kwa sababu hupakwa nta kuilinda, na mikono mingi huila. Kukaa kwenye ngazi kupumzika ni sawa, kula na kumwaga vinywaji si sawa. Kupanda usipande, simba wa Trafalgar wakiwemo. Tangu sheria ya mwaka 2022, anayeharibu kumbukumbu anaweza kuhukumiwa hadi miaka 10 jela hata kama thamani ya uharibifu ni ndogo.

Maua yanakaribishwa. Ondoa karatasi ya plastiki kwanza, kwani hushika maji, maua huoza ndani yake na upepo huyapeleka barabarani. Kadi iandike kwa penseli au wino usioyeyuka. Wino wa kawaida hautamaliza usiku mmoja wa mvua ya London.

Niende Novemba kwa ajili ya sherehe?

Ukiweza, nenda. Jumapili ya pili ya Novemba, saa 5 kamili asubuhi, Whitehall nzima hunyamaza dakika mbili. Wananchi huanza kuingia saa 2 asubuhi baada ya kukaguliwa mabegi, na anayefika saa 4 na nusu huishia nyuma ya vichwa vya watu akisikia vipaza sauti tu. Vaa nguo nzito na viatu vya kusimama saa tatu. Wakati wa ukimya zima simu kabisa, maana mtetemo wake husikika. Ua la mpopi la kubandika kifuani hupatikana kwa mchango wowote kuanzia mwisho wa Oktoba.

Anayetaka kutazama kwa utulivu aende siku mbili tatu baadaye. Mashada bado yako chini ya Cenotaph, kadi zinasomeka, na watu ni wachache. Novemba hiyo hiyo, nje ya Westminster Abbey, huchomekwa maelfu ya misalaba midogo ardhini kikosi kwa kikosi, desturi ya tangu 1928.

Nje ya Novemba, miezi ya Aprili, Mei na Septemba ndiyo mizuri. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo mizunguko ya mchana hukatwa na giza.

The Monument ni ya vita gani?

Si ya vita. Inakumbuka moto mkubwa wa Septemba 1666. Ilijengwa na Christopher Wren na Robert Hooke, ikakamilika 1677. Urefu wake, kama mita 61, ni sawa na umbali wa kutoka hapo hadi duka la mkate la Pudding Lane moto ulikoanzia. Ndani kuna ngazi 311 za kuzunguka, hakuna lifti, na wanaopanda hupishana na wanaoshuka kwenye njia ile ile nyembamba. Begi kubwa la mgongoni litakukwamisha. Mwenye kizunguzungu, pumu au magoti mabovu abaki chini asome maandishi, ambayo yana kisa chake: mwaka 1681 uliongezwa mstari uliowasingizia Wakatoliki kwamba ndio waliowasha moto, na mwaka 1830 ukafutwa. Jiwe nalo huhaririwa.

Kuna kumbukumbu ambazo watu hawakubaliani nazo?

Zipo. Ile ya Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, iliyoko Green Park, ya 2012, inawakumbuka askari wa anga 55,573, na miongoni mwa waliorusha ndege hizo walikuwemo vijana wa Karibiani na Afrika. Sanamu saba zimetazama angani kana kwamba zinasubiri wenzao warudi, na dari imetengenezwa kwa kutumia aluminiamu ya ndege aina ya Halifax iliyodunguliwa Ubelgiji 1944. Lakini mabomu yao yaliua raia wengi wa miji ya Ujerumani, na ndiyo sababu ilichukua zaidi ya miaka 60 kujengwa. Tafuta maandishi yanayowataja waliokufa wa mataifa yote katika mashambulizi ya mabomu ya 1939 hadi 1945. Yapo, na uyasome kabla ya kuamua unachofikiri.

Usafiri ukoje, na anayetumia kiti cha magurudumu?

Mabasi hayapokei fedha taslimu. Gusisha kadi ya benki, simu au kadi ya usafiri ya Oyster. Ukipanda basi lingine ndani ya saa moja hulipi tena, ila lazima utumie kifaa kile kile: ukigusisha kadi mara ya kwanza na simu mara ya pili, mfumo hukuhesabu kuwa watu wawili hata kama akaunti ni moja.

Vituo vya Green Park, Westminster, Tower Hill na Brixton vina lifti. Hyde Park Corner haina, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu au mtoto wa kigari ashukie Green Park aende kwa basi au apite bustanini. Kufika kile kisiwa cha majani, tumia vivuko vyenye taa na usikate barabarani. Tao la Wellington lina lifti ndani.

Choo kitafute kabla hujaanza Constitution Hill, kwani huko njiani hakuna. Ukifika Trafalgar, National Gallery ndiyo msaada.

Nina watoto. Watachoka?

Watachoka na kuta za majina, hawatachoka na kutafuta. Wape vitu vitatu vya kuwinda: baharia mweusi chini ya Nelson, kofia ya chuma juu ya askari aliyefunikwa koti, na jina la mji wanaoujua kwenye ukuta wa Australia. Imperial War Museum, karibu na kituo cha Lambeth North, ina mizinga miwili mikubwa ya meli mlangoni na ndege zimening'inia ndani. Ghorofa ya maonyesho ya mauaji ya Wayahudi si ya watoto wadogo, na jumba lenyewe hutangaza umri unaofaa mlangoni.